Dawa Uliyonyunyiza Wiki Iliyopita, Leo Iko Wapi?

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wasimamizi na mafundi wa viwanja vya nyasi vya Pwani. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wangu mliotangulia katika kazi hii, shikamooni. Mama zangu na dada zangu mnaopanda ukoka kwa mkono, shina moja baada ya jingine, nawasalimu. Vijana mnaosukuma mashine kabla jua halijachomoza, nawasalimu zaidi, kwa sababu ninyi ndio mnaobeba pampu mgongoni, na leo nataka tuzungumze juu ya kilichomo ndani ya pampu ile.

Naanza na swali. Dawa ya ukungu uliyonyunyiza wiki iliyopita, leo iko wapi?

Iko kwenye jani? Jani lile umeshalikata. Umelikata jumatatu, umelikata jumatano, umelikata leo. Iko kwenye udongo? Udongo gani, ndugu zangu? Grini ya gofu ya kisasa, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, haina udongo. Grini ni mchanga. Uwanja wa mpira uliojengwa kisasa nao ni mchanga. Tumeusifu mchanga huo miaka yote kwa sababu mvua ikinyesha saa moja, baada ya nusu saa mchezo unaendelea. Sasa niambieni: maji yale yaliyotoweka upesi namna ile, yamekwenda peke yake?

Hilo ndilo lililonileta hapa.

Nitawasimulia kisa changu, na si kisa ninachojivunia. Nilikuwa kijana, msaidizi katika uwanja mmoja ambao sitautaja. Masika yalikuwa yameanza. Grini mbili zikaingiwa na ukungu wa mizizi, ule wa jamii ya pithiamu, ambao ukiwahi usiku wa joto na unyevu, asubuhi unakuta nyasi zimelala chini kama zimemwagiwa mafuta. Nikachukua metalaksili. Wengi wenu mnaijua hata kama hamjawahi kuitumia uwanjani, kwa sababu imo ndani ya Ridomil, ile wakulima wa nyanya na viazi wanayopigia bakajani. Nikanyunyiza baada ya alasiri. Usiku mvua ikateremka, mvua ya masika mnayoijua, inayopiga bati mpaka watu hawasikilizani ndani ya nyumba. Asubuhi madoa yako pale pale. Nikangoja siku nne, nikanyunyiza tena. Mvua ikateremka tena.

Nyuma ya ua wa uwanja ule palikuwa na mtaro. Mabomba yote ya chini ya grini yalimwaga maji yake mle, na mbele kidogo palikuwa na kisima cha watu. Siku ya pili baada ya kunyunyiza, bibi mmoja aliyekuja kuteka maji akanisimamisha. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza: “Mwanangu, maji haya mnayatia nini? Nawaona mnavaa barakoa mkinyunyiza huko juu. Sisi huku tunateka.”

Nikamjibu: “Hayana neno, bibi. Mchanga unayachuja.”

Nilimjibu kwa uhakika kabisa. Na jibu lile halikuwa kweli.

Mchanga unachuja nini? Unachuja tope. Unachuja majani. Unachuja kile ambacho hakikuyeyuka. Kilichoyeyuka kinapita. Tia chumvi kwenye maji, yapitishe kwenye mchanga, kisha yaonje. Metalaksili inayeyuka: lita 1 ya maji inaweza kubeba zaidi ya gramu 7 zake. Inayeyuka na kupita. Mimi nilinyunyiza dawa kutibu mizizi, mvua ikaipitisha kwenye mizizi kabla haijafanya kazi, nami nikaipeleka nyingine iifuate.

Sasa tazameni hizi ndoo mbili hapa mbele. Wasiokuwapo niwaeleze: ni ndoo za lita 20, kila moja nimeitoboa chini na kuiwekea kokoto, kisha mchanga. Ndoo ya kulia ina mchanga mtupu uliooshwa. Ndoo ya kushoto ina mchanga ule ule, lakini sehemu moja katika kumi ni mboji iliyoiva. Tulipoanza nilimwomba kijana huyu atie rangi ya bluu ya keki juu ya zote mbili, kiasi kile kile, halafu aanze kumwagia maji polepole. Chini ya kila ndoo kuna glasi. Mnaona glasi ya kulia? Tayari ni bluu. Ya kushoto je? Rangi ya chai hafifu, na hiyo rangi ya chai tutairudia, msiisahau. Lakini bluu haijafika bado.

Rangi ya keki si dawa ya ukungu, naelewa. Kila kitu kina tabia yake. Ninachotaka mkione ni kucheleweshwa. Mboji haikuifuta bluu ile. Imeishika ikaachia, imeishika ikaachia, njia nzima kwenda chini. Na katika kazi yetu kuchelewesha ni jambo kubwa, kwa sababu ndani ya udongo kuna wanaokula dawa. Kuna bakteria, kuna kuvu wema, wanaivunja molekuli ya dawa wakapata chakula. Lakini wanahitaji muda. Dawa ikipita mbele yao kama basi lisilosimama kituoni, watakula nini? Mboji inafanya kazi mbili kwa pamoja: inalisimamisha basi, na inawaleta walaji kituoni. Mchanga mtupu haufanyi hata moja.

Ndiyo maana grini za kisasa zikawa na tatizo hili toka siku ya kuzaliwa kwake. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilichapisha mwaka 1960 utaratibu wa kujenga grini ambao dunia nzima imeufuata: sentimita 30 za mchanga uliopimwa juu, kokoto sentimita 10 chini yake, na mabomba chini ya kokoto. Mchanganyiko ule unatakiwa upitishe maji sentimita 15 au zaidi kwa saa. Kwa mchezaji ni neema. Kwa dawa ni mteremko. Na kwenye mchanganyiko huo wajenzi walizoea kutia mboji ya kinamasi, ile inayochimbwa nchi za baridi, wakiitia ili mchanga ushike maji na mbolea. Wengi hawakuwa wakifikiria dawa. Lakini ile mboji kidogo ndiyo iliyokuwa imesimama peke yake kati ya pampu yako na kisima cha bibi yule.

Ndugu zangu wa Nairobi wenye udongo mwekundu, ule wa mfinyanzi, nao wana matatizo yao, lakini hili la leo linawauma kidogo. Sisi linatuuma sana. Chini ya mchanga wetu kuna nini? Kuna jiwe la matumbawe. Jiwe lenye matundu, lenye mapango. Kisima cha Pwani hakiendi mbali kabla hakijafika kwenye maji, na maji hayo hayana mfinyanzi wa kuyakinga. Kilichotoka kwenye kokoto zako kimeshafika nyumbani kwa mtu.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe, kwa sababu hazifanani. Mtu akikwambia “weka kichanganyio hiki, dawa haitatoka,” yaani kitu cha kuchanganya na mchanga, mwulize kwanza: dawa gani?

Metalaksili ni sukari ndani ya chai. Klorothalonili, dawa nyingine ya ukungu, ni masizi kwenye sufuria. Lita 1 ya maji haiyeyushi hata miligramu 1 ya klorothalonili. Yaani metalaksili inayeyuka zaidi ya mara elfu saba kuliko hiyo. Klorothalonili inanata kwenye jani, inanata kwenye lile tabaka la mashina na mizizi mifu lililo juu ya mchanga, inanata kwenye mboji. Ukikinga maji ya bomba la chini ya grini ukaitafuta yenyewe, mara nyingi huioni. Basi tukasema miaka mingi: hii ndiyo dawa salama, hii haiendi popote.

Je, ilikuwa kweli? Sikilizeni yaliyotokea Uswisi.

Wakulima wa Uswisi walipiga klorothalonili kwenye nafaka na mboga kwa miongo kadhaa. Walipoitafuta kwenye maji ya ardhini, haikuwa tatizo. Lakini dawa ikivunjwa na bakteria haigeuki hewa mara moja. Inazaa, na watoto wake ni vile vipande vilivyovunjika. Mzazi alikuwa ananata. Watoto wake wanayeyuka. Walipopata vipimo vya kuwatafuta wale watoto, wakawakuta kwenye maji ya kunywa katika maeneo ya tambarare yenye kilimo kingi, juu ya kiwango cha mikrogramu 0.1 kwa lita. Mnajua kiwango hicho ni kidogo namna gani? Ni gramu 1 ndani ya lita milioni 10. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea dawa hiyo muda mwaka 2019, na Uswisi ikaipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 2020. Dawa ilizuiwa, lakini maji ya ardhini hayana haraka. Yanachukua miaka mingi kujisafisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya ndiyo hasa yasiyozoleka.

Kwa hiyo kichanganyio kinachomshika mzazi kinaweza kuwaachia watoto. Jambo hili wauzaji hawalisemi, nami naomba mliseme ninyi.

Na vichanganyio navyo tuvitazame kimoja kimoja, kwa sababu soko limejaa maneno.

Zeolaiti sitaikalia sana. Ni jiwe zuri. Lina chaji hasi, linashika amonia, linashika potasiamu, mbolea yako haikimbii. Lakini dawa zetu nyingi za ukungu hazina chaji ya kushikwa namna hiyo. Ukinunua zeolaiti kwa ajili ya mbolea, umefanya jambo la maana. Ukiinunua ili izuie dawa, umenunua mtego wa panya ukitegea samaki.

Makumbi ya nazi, hayo ni yetu. Vumbi lake ni jepesi, linashika maji, halina haraka ya kuoza, na tunalo hapa hapa wakati wenzetu wanaagiza mboji ya kinamasi kwa meli. Mimi nalipenda. Ila ulizeni lilikotoka. Makumbi yaliyolowekwa baharini ili kutoa usumba wa kamba yanakuja na chumvi yote. Yaoshe kwa maji matamu, yaoshe tena. Onjeni maji ya mwisho kwa ulimi kama tunavyoonja mchuzi. Yakiwa na chumvi, bado.

Mboji sasa. Hapa ndipo nataka tukae.

Fundi mmoja, rafiki yangu, alisikia kwamba mboji inazuia dawa kuvuja. Akafurahi. Akachukua samadi ya kuku iliyokaa wiki chache, ikiwa bado ya moto ndani, akaimwaga juu ya grini na kuipiga brashi iingie kwenye matundu tunayotoboa ili grini ipumue. Akasema sasa nimekinga. Mvua ya kwanza ilipokuja, akaniita nikaangalie mdomo wa bomba. Maji yalitoka yana rangi ya kahawa. Mnakumbuka glasi yetu ya kushoto, ile rangi ya chai? Ndiyo ile, mara nyingi zaidi.

Rangi ile ni nini? Ni mboji iliyoyeyuka. Mboji changa inaachia vipande vidogo sana vinavyosafiri na maji. Na vipande hivyo navyo vinashika dawa! Vinashika sawasawa na ndugu zake waliobaki juu, tofauti yake ni kwamba vyenyewe havikai. Dawa inapanda mgongoni mwake na kuteremka nayo. Rafiki yangu alitaka kuweka mlinzi, akaweka dereva. Na juu ya hayo, nitrojeni na fosforasi zikateremka pamoja.

Mboji iliyoiva ni tofauti. Iliyoiva haina moto ukitia mkono katikati. Haina harufu ya mkojo. Inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Haimwagi rangi nyingi ukiiloweka kwenye ndoo usiku kucha. Kipimo hicho hakigharimu shilingi. Iloweke, asubuhi itazame. Ikitoa kahawa, irudishe kwenye lundo.

Sawa, na mkaa? Najua mtauliza, kwa sababu siku hizi kila semina ni mkaa. Mkaa uliochomwa kwa hewa kidogo, wa maganda ya mpunga au wa miti, unashika dawa kwa nguvu kuliko mboji, wakati mwingine kwa nguvu nyingi mno. Na hapo pana jambo la kufikiri. Dawa ya kutibu mizizi inatakiwa ifike kwenye mizizi ikiwa huru. Ukiweka mkaa mwingi pale juu, sentimita mbili za kwanza, unanyunyiza dawa na mkaa unaimeza. Ukungu unaendelea kula nyasi zako, nawe unaongeza kipimo. Tena, kilichofungwa ndani ya mkaa bakteria hawakifikii vizuri, kama chakula kilichofungiwa ghala na watoto wana njaa nje. Maoni yangu ni haya: mkaa ukae chini, karibu na kokoto, uwe kama mlinzi wa mlango wa nyuma. Juu pawe na mboji iliyoiva. Lakini hilo linawezekana unapojenga uwanja upya. Kwenye uwanja uliopo huwezi kufukua sentimita 30 kwa ajili ya mkaa.

Na sasa jambo ambalo lilinisumbua miaka kabla sijalielewa. Unaweza kuwa na kichanganyio bora kabisa na dawa ikapita bila kukigusa. Vipi?

Nani hapa hajawahi kuona madoa makavu kwenye grini? Unamwagilia, unamwagilia, doa moja linabaki kavu kama unga. Ukidondosha tone la maji juu ya mchanga ule linasimama, linang'aa, kama tone juu ya jani la mgomba. Chembe za mchanga zimepakwa nta ya mabaki ya mimea, zinayakataa maji. Sasa mvua ikinyesha hapo maji yanakwenda wapi? Yanatafuta njia. Yanajikusanya penye upenyo na kushuka kama vidole, kidole hapa, kidole pale, mpaka kwenye kokoto. Mchanga ulio kati ya vidole unabaki mkavu, na mboji yote iliyomo haikuonja dawa. Umelipa mlinzi, na mwizi amepita chumba kingine.

Kwa hiyo usinyunyize dawa juu ya grini kavu yenye madoa hayo na kuombea mvua. Lowesha kwanza, taratibu, siku mbili tatu, kidogo kidogo. Tumia sabuni maalumu ya viwanja inayosaidia maji kupenya ikiwa unayo. Na usinyunyize dawa siku ile ile uliyotoboa matundu, kwa sababu matundu yale umeyafungua wewe mwenyewe mpaka chini.

Nyasi changa nazo ziogopeni. Uwanja mpya hauna lile tabaka la mashina mifu, hauna mizizi minene, hauna walaji wa kutosha. Wote tunajua Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON 2027 pamoja, na viwanja vipya vilianza kujengwa kwa ajili yake, Nairobi na Arusha. Nyasi zikipandwa, watu watataka ziwe kijani haraka, na ukungu ukitokea kila mkubwa atapiga simu: nyunyiza! Wenzetu watakaokuwa pale watakuwa wamesimama juu ya mchanga mtupu kuliko wote. Ninawaombea wawe na mtu wa kuwaambia kwamba wakati wa kutia mboji na makumbi ni kabla ya kupanda, na kwamba mwaka wa kwanza ndio mwaka wa kuuzuia mkono usinyunyize ovyo.

Mtu ameniuliza hapa mbele, kwa karatasi: “Je, tukiweka vichanganyio vizuri tunaweza kuendelea kunyunyiza kila wiki mbili kwa ratiba?” Hapana, ndugu yangu. Kila unachokimwaga juu ni lazima kiliwe au kitoke. Hakuna mlango wa tatu, isipokuwa kukaa, na kukaa nako tumekuona: dawa ya shaba waliyopiga wakulima wa kahawa kwa miaka haikuvuja, ilibaki juu ikajilimbikiza, na udongo wa mashamba ya zamani bado unayo. Tazama ugonjwa kwanza. Piga magoti, ng'oa shina, angalia mizizi. Angalia mbingu. Mvua ikiwa inakuja usiku, dawa inayoyeyuka ibaki kwenye chupa mpaka kesho.

Bibi yule sikumwona tena. Niliporudi miaka baadaye kisima kilikuwa kimefukiwa na nyumba imejengwa juu yake. Sijui alikunywa nini wiki ile. Ninajua nilichomwambia.

Ndoo zetu zimemaliza. Kijana, inua glasi zote mbili juu waone wa nyuma. Ya kulia mnaiona. Ya kushoto sasa imeanza kupata bluu kidogo, hafifu, baada ya muda wote huu niliozungumza. Njooni mzitazame kwa karibu, msizinywe.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wachezaji, tutakwenda kwenye mdomo wa bomba la grini ya tisa. Mvua ya usiku wa leo ikinyesha tutakuta maji. Anayetaka kuja aje na glasi nyeupe isiyo na maandishi, na chepe dogo.